Kupiga picha kwenye magofu na mahame: mwongozo kamili kwa mpiga picha wa ridhaa

Ukutani palikuwa na msumari mmoja ulioshika kutu, na chini yake mstatili wa rangi ya kijani kibichi, kana kwamba umepakwa jana. Sehemu nyingine yote ya ukuta ilikuwa imepauka. Nilisimama hapo muda kabla sijaelewa: kalenda ilitundikwa mahali pale miaka mingi, jua likaula ukuta wote isipokuwa pale ilipofunika kalenda. Baadaye kalenda ikaondoka, rangi ikabaki. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kupiga ndani ya jengo lililoachwa, na nilipoiona kamera ilikuwa bado begini.

Wengi wanaoanza huingia kwenye gofu kamera ikiwa tayari jichoni. Wanarudi na picha zinazofanana na za kila mtu, na wengine wanarudi wakichechemea kwa sababu walikanyaga pasipokanyagika. Jicho lililozoea kusoma jengo polepole ndilo linalokulinda, na ndilo hilo hilo linalokupa picha. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na mazoea hayo.

Hatua ya 1: Lijue jengo kabla ya kulifikia

Anza na swali moja: jengo hili lilikuwa la nini? Kiwanda, hospitali, shule na nyumba ya familia huachwa kwa namna tofauti, na kila moja lina hatari zake. Kiwanda kina mashimo ya mashine, matangi na kemikali. Hospitali ina sindano, chupa na mafaili ya watu. Shule huwa na madirisha mengi na mwanga mzuri. Nyumba ya familia ni ndogo lakini ndiyo yenye mambo mengi ya kuonyesha, kwa hiyo kaa humo muda mrefu kuliko unavyodhani inastahili.

Tazama picha za setilaiti kwenye ramani za intaneti. Utaona kama paa limeanguka, upande gani una miti, njia ya kuingilia iko wapi, na jengo linaelekea upande gani wa jua. Hilo la mwisho liandike, maana tutalirudia kwenye mwanga.

Kama hujawahi kabisa kufanya kazi hii, anzia kwenye mahame yaliyofunguliwa rasmi kwa wageni. Kolmanskop, nchini Namibia, ni mji uliozaliwa baada ya almasi kuonekana mwaka 1908, ukahamwa kabisa mwaka 1956, na leo mchanga umejaa vyumbani hadi usawa wa vitasa. Unaingia kwa kibali, halali, na unaweza kufikiria picha bila kusikilizia nyayo za mlinzi. Gereza la Eastern State huko Philadelphia lilifanya kazi kutoka 1829 hadi 1971 na sasa ni makumbusho ambamo sehemu kubwa ya kuta zimeachwa zilivyochakaa. Hashima, kisiwa cha mgodi wa makaa ya mawe huko Japani, kilihamwa mwaka 1974, na tangu 2009 wageni hupita kwenye njia maalumu tu, kwa sababu maghorofa yake ya zege yanaendelea kubomoka. Usidharau kuanzia mahali pa aina hii. Siku moja ya kupiga picha kwa utulivu itakufundisha mengi kuliko siku kumi za kujificha.

Hatua ya 2: Piga hodi

Jengo lililoachwa lina mwenyewe. Katika nchi nyingi kuingia bila idhini ni kosa hata kama mlango uko wazi, na kuvunja kufuli au kung'oa ubao ni kosa kubwa zaidi. Maeneo ya jeshi, reli na umeme yaache kabisa.

Kumpata mwenyewe si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Waulize majirani, maana wao ndio wanaojua nani huja kufyeka majani au kukagua kuta. Mlinzi akiwepo, msalimie na ueleze shida yako kabla hajakuuliza. Ikishindikana, ofisi inayotunza kumbukumbu za ardhi itakuwa na jina la mmiliki.

Ukiandika barua ya maombi, ifanye fupi: wewe ni nani, mtakuwa wangapi, siku gani, saa ngapi hadi saa ngapi, picha ni za nini. Kisha jibu hofu mbili ambazo karibu kila mmiliki anazo hata asipozitaja: kwamba utaumia halafu umdai, na kwamba picha zako zitavutia wezi wa nyaya na mabati. Sema wazi kwamba unaingia kwa dhamana yako mwenyewe na hutataja mahali jengo lilipo. Ahidi kumpa nakala za picha, na ahadi hiyo itimize. Nimewahi kukataliwa na mzee mmoja mara mbili. Mara ya tatu nilimpelekea picha za ukuta wa nje nilizopiga nikiwa barabarani, akanifungulia mlango mwenyewe na akatembea nami chumba kwa chumba akinieleza nani alikuwa analala wapi. Kile alichonieleza kisingepatikana kwa kuruka ukuta.

Ruhusa ikipatikana, iwe kwa maandishi, na utembee nayo.

Hatua ya 3: Vaa na ubebe hivi

Viatu vigumu vyenye soli isiyotobolewa na msumari na vinavyoshika kifundo cha mguu. Suruali ndefu, mikono mirefu, glavu nene, kofia ngumu. Chanjo ya pepopunda iwe ndani ya muda wake. Kwa kawaida mtu mzima hurudia kila baada ya miaka 10.

Beba tochi tatu: moja ya kichwani, moja ya mkononi, moja ya akiba yenye betri mpya. Chini ya jiji la Paris kuna kaburi la Philibert Aspairt, bawabu wa hospitali ya Val-de-Grâce, aliyeshuka kwenye machimbo ya mawe ya zamani mwaka 1793 na kupotea humo. Mwili wake ulipatikana baada ya miaka 11, akazikwa pale pale ulipokutwa. Kila ninapojiambia kwamba tochi moja inatosha namkumbuka bawabu huyo.

Usiende peke yako. Watatu ni idadi nzuri: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na mwingine anatafuta msaada. Mtu aliye nyumbani ajue jengo gani, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na afanye nini saa hiyo ikipita bila kupata simu yako.

Kuhusu barakoa, zile nyepesi za kitambaa hazisaidii hapa. Tafuta ya daraja la FFP3 au P100, yaani viwango vya juu vya kuchuja vumbi laini, inayobana usoni vizuri. Na hata hiyo ina mipaka, kama utakavyoona.

Hatua ya 4: Zunguka nje kwanza

Lizunguke jengo lote, taratibu, mikono mitupu. Tazama mstari wa paa: ukipinda katikati kama mgongo wa punda, kenchi zimechoka. Tazama nyufa. Ufa mwembamba wa plasta si kitu, lakini ufa mpana unaopanda kwa ngazi kupitia maungio ya matofali maana yake msingi umehama. Kwenye zege tafuta mahali ambapo nondo zimejitokeza. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo nondo ikishika kutu hufura na kulipasua zege kutoka ndani. Chini ya zege la namna hiyo usisimame.

Sikiliza pia. Nyuki wana mlio wao, mbwa wana wao. Njia iliyokanyagwa karibuni, nguo zilizoanikwa au moshi maana yake kuna mtu anaishi humo. Hapo ni kwa mtu. Salimia kwa mbali, omba radhi, ondoka. Usimpige picha na usimweleze mtu mwingine kwamba yupo.

Hatua ya 5: Ingia kama anayepima kina cha maji

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Sakafu ya mbao huoza kutoka chini, na juu inaweza kuonekana nzima. Tafuta mistari ya misumari: kila mstari unakuonyesha boriti iliyo chini yake. Kanyaga juu ya mstari huo, au karibu na ukuta ambako boriti zimeshikiliwa. Katikati ya chumba ndipo dhaifu zaidi. Weka mguu wa mbele bila uzito, bonyeza, sikiliza, ndipo uhamishe mwili. Sakafu ikinesa kama godoro, rudi kwa nyayo zako zile zile. Mahali ambapo maji yamekuwa yakidondoka, penye doa jeusi au uyoga, hapakanyagwi hata kama pana picha.

Niliwahi kulipuuza hilo. Chumba kilikuwa na dirisha moja na mwali wa jua uliokuwa unaangukia kiti kilichopinduka, nami nikarudi nyuma hatua mbili nikitazama kwenye kioo cha kamera. Mguu wa kushoto ukazama hadi gotini. Chini yake kulikuwa na ghorofa nzima ya hewa tupu. Nilibaki nimekaa juu ya paja moja, mwenzangu akinivuta kwa mkanda wa begi, na vumbi lililopanda liliujaza ule mwali wa jua. Tangu siku hiyo nina sheria moja ambayo siivunji: jicho likiwa kwenye kamera, miguu haitembei. Ukitaka kusogea, shusha kamera, tazama chini, sogea, kisha inua tena.

Ngazi zipandwe kwa pembeni, upande wa ukuta, mmoja mmoja. Usiamini kizuizi cha mkono. Shimo la lifti gizani huonekana kama chumba kingine tu, kwa hiyo kila mlango mweusi umulike chini kabla ya kumulika mbele.

Halafu hewa. Asbesto, madini yenye nyuzi laini zinazodhuru mapafu, ilitumika sana kwenye mabati ya paa, vigae vya sakafu na vifuniko vya mabomba ya joto. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya mwaka 2005, na majengo mengi yaliyoachwa ni ya zamani kuliko hapo. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, na ugonjwa wake hujitokeza baada ya miaka mingi, mara nyingi 20 au zaidi. Ukiona mabomba yaliyofungwa kitu kama bandeji nyeupe iliyochanika, au vipande vya bati la asbesto vimesagika sakafuni, toka. Barakoa ni ya bahati mbaya, si kibali cha kukaa humo.

Kinyesi cha popo na ndege huweza kubeba fangasi wanaoshambulia mapafu, na cha panya kina hatari zake pia, kwa hiyo usifagie wala kuburuta vitu penye rundo lake. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Mikono isiguse mdomo mpaka inawe. Vyumba vya chini ya ardhi, visima na matangi viache kabisa. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu, haina harufu, na hata kutu yenyewe hula oksijeni ndani ya tangi lililofungwa.

Hatua ya 6: Dakika kumi bila kamera

Ukishapata chumba salama, simama. Zima tochi. Macho yanahitaji muda kuzoea giza, na baada ya hapo chumba kinajifungua: vumbi lililokolea upande mmoja, alama ya kabati ukutani, rangi iliyobanduka na kujikunja kama maganda ya kitunguu. Jiulize nini kilifanyika mwisho humu. Je, watu waliondoka kwa haraka au walifunga mizigo? Vikombe vilivyobaki mezani ni habari tofauti na meza iliyohamishwa ikaacha alama za miguu yake minne. Amua picha yako itasema lipi kati ya hayo, ndipo ufungue begi.

Hatua ya 7: Shughulika na mwanga

Tatizo la magofu ni dirisha. Nje kunang'aa, ndani giza, na kamera haiwezi kubeba vyote kwa mpigo mmoja. Tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, ndiyo jibu, na kama ungekuwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu baada ya kamera, ningekushauri tripodi nzito kabla ya lenzi mpya.

Weka kamera kwenye tripodi, zima mfumo wa kutuliza mtikisiko, weka ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga), tundu la lenzi f/8, faili za RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaihariri), na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Pima mwanga wa dirisha kwanza. Tuseme dirisha linakaa vizuri kwa 1/60 ya sekunde. Piga hapo, kisha 1/15, kisha 1/4, kisha sekunde 1, kisha sekunde 4. Kila picha inapokea mwanga mara nne ya iliyotangulia, na tundu la lenzi halibadiliki. Nyumbani utaziunganisha kwenye programu ya kuhariri.

Ukiunganisha, acha giza liwe giza. Picha nyingi za magofu zinaharibikia hapa: kila kona imeangazwa, kila ufa umekolezwa, mpaka chumba kinaonekana kama plastiki. Mimi mara nyingi naishia na picha mbili tu kati ya zile tano, moja ya dirisha na moja ya chumba, na pembe za chumba naziacha zizame.

Chagua saa kulingana na ile dira uliyoiandika. Vyumba vya mashariki vina mwali kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, vya magharibi kuanzia saa kumi jioni. Kama unataka umbile la kuta na si miali, nenda siku ya mawingu. Siku inayofuata mvua ina vidimbwi vinavyoakisi dari, nazo ni picha tamu, lakini mbao zimelowa na dari imebeba maji. Basi vipige ukiwa kwenye sakafu ya zege ya chini tu.

Flashi iache. Inasawazisha kila kitu na kuua ule mwanga uliokuleta. Chumba kikiwa giza totoro, tumia tochi: fungua shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) sekunde 20 au 30, simama nje ya fremu, mulika ukuta kwa ubavu huku mkono ukitembea bila kusimama. Mwanga wa ubavu unanyanyua kila ganda la rangi na kivuli chake, ule wa mbele unalifuta.

Kwa simu kanuni ni zile zile. Tumia lenzi kuu badala ya ile pana sana, ambayo kwa simu nyingi huwa dhaifu gizani. Egemeza simu kwenye begi au kingo ya dirisha, gusa mahali penye mwanga zaidi na ufunge kipimo hapo, tumia kipima muda.

Hatua ya 8: Panga fremu

Kamera ikae sawa kabisa, isiinamishwe juu wala chini, la sivyo kuta zitaonekana zinaangukia ndani. Urefu wa kifua unafaa kwa vyumba vingi. Kwenye korido simama katikati kamili; sentimita tano zinaonekana. Lenzi ya milimita 16 hadi 24 kwenye kamera ya fremu kamili inatosha kwa vyumba, na ya 50 ni ya vitu vidogo. Usibadilishe lenzi penye vumbi. Toka nje kwanza.

Kwa kila jengo jilazimishe kurudi na aina tatu za picha: jengo lote likiwa na mazingira yake, chumba kizima, na kitu kimoja kwa karibu. Wanaoanza huleta vyumba arobaini na hakuna hata kitasa kimoja kilicholika kwa viganja vya watu.

Hatua ya 9: Usihamishe kiti

Najua wapiga picha wanaosogeza mwanasesere hadi kitandani au kuweka kiatu kwenye mwali. Pripyat, mji wa Ukraine ulio karibu na mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, uliohamishwa 27 Aprili 1986 baada ya mtambo huo kulipuka, una picha nyingi mashuhuri za wanasesere na barakoa za gesi ambazo baadhi zilipangwa na wageni. Mimi sipangi. Kiti kilikaa pale kwa sababu ya mtu fulani, na nikikisogeza nimefuta alama yake ya mwisho nikaweka yangu. Vivyo hivyo hakuna kinachotoka na mimi, hata ufunguo, hata ukurasa.

Ukikuta mafaili ya wagonjwa, barua au picha za familia, usionyeshe majina wala nyuso. Na kabla ya kumtumia mtu yeyote picha, futa kumbukumbu ya mahali iliyoandikwa na simu au kamera, kwa sababu faili hubeba nambari za ramani ndani yake.

Hatua ya 10: Ukitoka

Piga ile simu uliyoahidi nyumbani. Vua nguo za juu kabla ya kuingia kwenye gari, usizikung'ute, zifunge kwenye mfuko na uzifue peke yake. Futa viatu kwa kitambaa kilicholowa. Lenzi ipulizwe kwanza kwa kipulizio cha mkono, ndipo ipanguswe, maana chembe ya zege chini ya kitambaa ni sawa na msasa.

Usiku ule ule hamisha picha sehemu mbili tofauti na uandike: tarehe, chumba kipi, dirisha linaelekea wapi, na chochote ulichoelezwa na mwenyewe au jirani. Kwenye daftari chora ulikoweka tripodi, hatua ngapi kutoka mlangoni, urefu gani. Mwaka mmoja baadaye omba ruhusa tena, simama pale pale, piga fremu ile ile. Ule ukuta wa kalenda niliurudia. Msumari ulikuwa umeanguka, na ule mstatili wa kijani ulikuwa umeanza kupauka kutoka kona ya juu, upande wa dirisha.